Kibaba cha Ufuta Kibaki Nyumbani

Wanachama wa vyama vya msingi vya Lindi na Mtwara wapelekapo ufuta ghalani, inafaa kibaba kimoja kibaki nyumbani. Mwanamke hupoteza madini ya chuma kila apatapo hedhi. Huhitaji miligramu 18 kwa siku, ilhali mwanamume hutoshwa na 8.

Ufuta na mbegu za maboga hukaangwa kidogo bila mafuta, hutwangwa, huchanganywa na tende zilizotolewa kokwa, kisha hufinyangwa vitonge. Vitonge huliwa pamoja na chungwa ili madini hayo yafyonzwe vyema. Chai na isubiri.

Ieleweke kwamba hiki ni chakula, si dawa: hakirekebishi tarehe za hedhi. Atokwaye na damu nyingi kupita kiasi aende zahanati mapema.