Mkanda Mdogo, Hasara Kubwa

Leo tuzungumze habari ya kitu ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho, ingawa motokaa nyingi haziwezi kwenda hatua moja pasipo hicho. Ni mkanda wa mpira wenye meno, uliofichwa chini ya kifuniko mbele ya injini. Mafundi wa Goma huuita kwa jina la Kifaransa, kuruwa ya distribusioni; wenzao wa Kenya na Tanzania huuita mkanda wa taimingi.

Nianze na jambo lililotokea kwetu Kingi. Baba mmoja aliuza ng'ombe wake, akanunua motokaa ya dizeli iliyokwisha kutumika Ujapani, apate kupeleka viazi na abiria Goma. Fundi aliitazama, akamwambia, "Mzee, kabla ya yote tubadilishe mkanda." Mzee akajibu, "Injini inaunguruma vizuri. Tutabadilisha nikipata faida." Fedha iliyobaki akaitumia kununua vitambaa vya viti na redio.

Mwezi wa nne, motokaa ikiteremka kuelekea Sake na mzigo mzito, injini ilizimika ghafula. Hapakuwa na moshi wala kelele ya kuonya. Usukani ukawa mzito, na breki nazo zikawa ngumu, maana nguvu za kuzisaidia hutoka katika injini. Dereva aliiegemeza motokaa kwenye ukingo wa mlima, na kwa neema ya Mungu hakufa mtu. Lakini mkanda ulikuwa umekatika, vali zimepinda, na pistoni mbili zimeharibika. Fedha ya kutengeneza haikupatikana. Muhula uliofuata watoto wake wawili hawakuonekana darasani kwangu.

Kwa nini mkanda mdogo ulete msiba mkubwa hivyo? Fikirini kwaya ya kanisani. Kila sauti ina zamu yake ya kuingia, nao wote hufuata mkono wa mwalimu. Katika injini, pistoni hupanda na kushuka, na vali hufunguka na kufunga ili hewa iingie na moshi utoke. Mkanda ndio mkono wa mwalimu. Mhimili wa pistoni, uitwao krankshafti, ukizunguka mara 2, mhimili wa vali, uitwao kamshafti, yapasa uzunguke mara 1, pasipo kukosea hata jino moja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 25 kwa sekunde moja. Mkanda ukikatika, vali husimama zilipo, nyingine zikiwa wazi, na pistoni hupanda na kuzigonga. Katika injini za dizeli nafasi kati yao ni ndogo sana, kwa hiyo ni shida kuokoka.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na minyororo au magurudumu ya chuma yenye meno. Mwaka 1962 kiwanda cha Hans Glas, huko Bavaria katika Ujerumani, kilianza kuuza motokaa iitwayo Glas 1004, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na mkanda wa mpira. Mkanda ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji mafuta. Lakini mpira huzeeka kama ndala za miguuni mwetu: hukauka, hupasuka, mwisho hukatika.

Basi, ubadilishwe lini? Kitabu cha motokaa ndicho hakimu wa kwanza. Motokaa nyingi hutakiwa kubadilishiwa mkanda kati ya kilomita 90,000 na 160,000, au baada ya miaka kadhaa, lolote litangulialo. Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambazo misioni na hospitali nyingi huzitumia, zina taa ndogo yenye maandishi T-BELT, ya kumkumbusha dereva kwamba kilomita zimetimia. Lakini jihadharini: taa hiyo huhesabu kilomita tu, haiugusi mkanda. Mtu aweza kuizima pasipo kubadilisha chochote.

Tena kwetu Masisi kuna jambo la kufikiri zaidi. Katika barabara ya lami, kilomita 60 ni mwendo wa saa moja. Katika matope na mawe yetu, kilomita hizo hizo zaweza kuchukua saa nne, nayo injini inazunguka muda wote huo. Kwa hiyo saa ya kilomita husema machache, na mkanda umefanya kazi nyingi. Mwenye busara habadilishi siku ya mwisho, bali hutangulia.

Mashauri yangu ni haya:

1. Ukinunua motokaa iliyotumika, wala hakuna karatasi ya kuthibitisha mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya kupakia mzigo wa kwanza. Usisadiki saa ya kilomita peke yake, maana watu huirudisha nyuma.

2. Mafuta ya injini au maji yakivujia mkanda, usingoje kilomita. Ziba panapovuja, weka mkanda mpya.

3. Gurudumu dogo la kukaza mkanda libadilishwe pamoja nao. Pampu ya maji pia, ikiwa inaendeshwa na mkanda huo huo.

4. Fundi apatanishe alama zote, kisha aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuzitazama tena, kabla ya kuiwasha.

5. Injini ikizimika ghafula safarini, usiilazimishe kuwaka. Mkanda ukiwa umekatika, kila jaribio huzidisha hasara.

Si kila motokaa ina mkanda huu. Injini za Toyota za 1NZ na 1ZZ, kwa mfano, zina mnyororo. Muulize fundi kwanza.

Ninyi wanafunzi mnaojua kuandika, wasaidieni wazazi wenu: mkanda ukibadilishwa, andikeni tarehe na kilomita, mkabandike karatasi hiyo chini ya boneti.

Mkanda hugharimu kama mbuzi. Injini iliyovunjika hula ng'ombe. Wahenga walinena, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena tunawakumbuka wale wanawali watano wa Injili, waliochukua taa bila akiba ya mafuta. Taa zao zilikuwa nzuri, na usiku ulipoanza ziliwaka kama za wenzao. Ndivyo ilivyokuwa motokaa ya jirani yetu hata asubuhi ile aliyoteremka kwenda Sake. Abiria huketi nyuma bila kuuona mkanda, nao wamemsadiki mwenye motokaa. Kuulinda ni sehemu ya kumpenda jirani.