Fahamu: Jinsi mtetemo wa nuru unavyobana mwale wa leza

Kwa nini leza haibanwi hadi kuwa nukta isiyo na upana? Nuru ni wimbi, hivyo hata lenzi bora huishia kwenye doa lenye upana wa karibu nusu ya urefu wa wimbi hilo. Hapo ndipo polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao uga wa umeme wa nuru hutetemeka, inapoingia.

Uga ukitetemeka upande mmoja tu, doa hurefuka kuelekea upande huo. Ukipangwa utoke katikati kwenda ukingoni, kama spoki za baiskeli, mitetemo ya pembeni hufutana pale miale inapokutana, na ile inayofuata mhimili wa mwale huungana. Doa huwa duara, tena dogo zaidi.

Mwaka 2003 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, wakitumia mwale wa umbo la pete, walipata doa lenye eneo la takriban 0.16 ya mraba wa urefu wa wimbi. Mtetemo wa upande mmoja ungetoa 0.26.

Mtetemo ukizunguka mhimili, katikati hubaki giza. Mbinu hizi hutumika katika hadubini, kunasa chembe ndogo na kutoboa metali.