Kutoka Azimio la Musoma hadi MEWAKA

Kabla mwalimu hajashika chaki, lazima iwe imeshaamuliwa mwanafunzi atajenga umahiri gani, atafanya nini ili aupate, na itajulikanaje kwamba ameupata. Katika shule za Tanzania maamuzi hayo hupitia muhtasari wa somo, unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kisha azimio la kazi, na mwishowe andalio la somo. Hayo mawili ya mwisho humwangukia mwalimu mwenyewe, na ndiyo yanayomlazimu atafute pa kujifunzia.

Mkoa wa Mara una historia katika suala hili la mwalimu kujifunza akiwa kazini. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma ikaazimia kuwa watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu visingetosheleza kwa muda ule. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wanasoma: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mkufunzi katika kituo cha kata. Zaidi ya 35,000 walihitimu. Uwezo wao ulilalamikiwa sana, na mara nyingine kwa haki, lakini bila wao madarasa mengi yangebaki bila mwalimu.

Leo redio na posta zimepisha simu. TET ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, una moduli ambazo walimu huzisoma na kuzijadili katika jumuiya za ujifunzaji shuleni mwao. Majadiliano hayo pengine yana faida kuliko moduli zenyewe, kwa kuwa moduli huandikiwa nchi nzima.

Chukua somo la uwiano huko Murangi, mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria. Andalio linaloandikwa “mwanafunzi aelewe uwiano” halipimiki. Likiandikwa “mwanafunzi aweze kukokotoa uwiano wa uzito wa dagaa wabichi na wakavu”, tathmini imeshapatikana, na zana ziko ufukweni: mizani, ndoo na dagaa wenyewe. Tatizo ni muda. Kipindi ni dakika 40, na dagaa hawakauki kwa dakika 40. Mwalimu mzoefu hupima wabichi jana yake mbele ya wanafunzi, akawaanika, kipindini wakapimwa wakavu na hesabu ikafanywa.

Mambo kama hayo mwalimu mwenzake ndiye huyaona, andalio likipitishwa mezani. Huuliza pia kuhusu masika, mvua inaponyesha siku nzima na dagaa kuoza kwenye chanja. Kwa hiyo uzito uliopimwa siku ya jua huandikwa pembeni ya andalio, utumike siku ambayo hakuna kilichokauka.