VUGA, MAZINDE NA LUSHOTO: MIJI YETU IMEBADILIKAJE?



Bila shaka umewahi kwenda Lushoto. Labda ulikwenda kwa kesi, au kwa matibabu, au kuuza mboga sokoni. Uliona nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe. Uliona maduka ya matofali yenye paa za bati. Uliona miti mirefu kando ya barabara.

Je, umewahi kujiuliza mji huu ulianza lini? Kabla yake, makao makuu ya milima yetu yalikuwa wapi? Na kwa nini yalihama?

Mgwashi sasa imo katika Halmashauri ya Bumbuli, lakini bado ni sehemu ya Wilaya ya Lushoto. Kwa hiyo habari za miji hii ni habari zako pia. Hebu tuzitazame moja baada ya moja.

VUGA, MJI WA NYASI

Zaidi ya miaka 100 kabla ya Lushoto kujengwa, Wasambaa walikuwa na mji wao mkuu. Mji huo ni Vuga. Watawala wake walikuwa Wakilindi, ukoo wa Mbegha. Mtawala aliyejulikana sana ni Kimweri ye Nyumbai. Alitawala kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 1862.

Mwaka 1848 mmishonari Mjerumani, Johann Krapf, alifika kwa Kimweri. Mwaka 1857 alifika Mwingereza, Richard Burton. Burton alikadiria kwamba Vuga ina nyumba zipatazo 500 na watu wapatao 3,000. Kwa siku zile huo ulikuwa mji mkubwa.

Nyumba za Vuga zilikuwa za msonge, yaani za duara. Zilijengwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi. Ndani kulikuwa na moto, na juu ya moto kulikuwa na dari ya kuwekea mahindi. Moshi uliyakausha mahindi na kufukuza wadudu. Kila kitu cha kujengea kilitoka karibu. Nyumba ikichakaa, watu walijenga nyingine.

Kwa nini mji ulikuwa juu ya mlima? Sababu zilikuwa nzuri. Juu kuna mvua na migomba inastawi. Homa ya malaria ni kidogo kuliko nyikani. Tena, adui akija kutoka bondeni ataonekana mapema.

MAZINDE, MJI WA BIASHARA

Baada ya Kimweri kufa, mambo yalibadilika. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima. Mazinde ilikuwa kwenye njia ya misafara ya biashara iliyotoka Pangani kwenda bara. Misafara ilileta nguo na bunduki, na kuchukua pembe za ndovu. Watu pia waliuzwa utumwani.

Mwenye bunduki nyingi alikuwa na nguvu nyingi. Katika miaka ya 1860 majeshi ya Semboja yaliishambulia Vuga na kuichoma moto. Nyumba za nyasi haziwezi kushindana na moto. Vita viliendelea kwa miaka mingi, na watu wengi walipoteza mali na ndugu zao.

Hapa tunaona jambo moja. Vuga ilifuata mvua na usalama. Mazinde ilifuata biashara. Mji hujengwa mahali ambapo wenye nguvu wanapata faida.

WILHELMSTAL, MJI WA WAKOLONI

Kisha wakaja wakoloni wa Kijerumani. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Tangu hapo kila mtu alijua nani anatoa amri.

Miaka ya 1890 ilipokaribia kwisha, Wajerumani walijenga makao yao ya wilaya katika bonde lenye baridi huku juu. Wakaliita Wilhelmstal. Maana yake ni Bonde la Wilhelm. Wilhelm alikuwa mfalme wao huko Ujerumani. Mji huo ndio Lushoto ya leo.

Kwa nini walichagua hapo? Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Hali ya hewa iliwapendeza kwa sababu ilifanana na ya kwao. Walowezi walitaka mashamba karibu. Walijenga kwa mawe na kwa paa zenye mteremko mkali, kama walivyozoea kwao. Baadhi ya majengo ya wakati ule yapo mpaka leo.

Reli nayo ilikuwa inakuja. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Kutoka Mombo barabara ilipanda mlima kupitia Soni mpaka Wilhelmstal. Hivyo Mombo ikawa mlango wa milima.

Lakini nani alifanya kazi? Ni wazee wetu. Tangu mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, watu walipewa kadi iliyoitwa kipande. Mwenye kipande alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Mtu aliacha shamba lake akalime la mwingine. Basi ukiona ukuta wa zamani Lushoto, usifikiri tu juu ya aliyetoa amri. Fikiri pia juu ya aliyebeba mawe.

MILIMA NAYO ILIBADILIKA

Mji haubadiliki peke yake. Unahitaji mbao, kuni na chakula. Vitu hivyo vinatoka milimani.

Kabla ya vita vya mwaka 1914, Wajerumani walikata miti mikubwa ya mitarakwa huko Shume. Walijenga njia ya kamba za chuma iliyopita hewani. Mbao zilishushwa kwa kamba hizo mpaka Mkumbara, kwenye reli. Baadaye, katika sehemu nyingi zilizokatwa miti ya asili, ilipandwa miti ya kigeni kama misonobari na mikaratusi. Kwa hiyo si kila msitu unaouona leo ni msitu waliouona mababu.

Mwaka 1916 Waingereza waliwafukuza Wajerumani. Jina la Wilhelmstal likaachwa, mji ukaitwa Lushoto. Waingereza waliendelea kuutumia kama makao makuu ya wilaya.

Waingereza waliona udongo unachukuliwa na mvua. Mwaka 1946 walianza mpango wa kuokoa udongo huko Mlalo. Baadaye mpango huo ulienezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko. Asiyefanya alipigwa faini. Kazi ilikuwa ngumu sana, hasa kwa kina mama, na mashamba yalikuwa madogo. Watu walikataa. Mwisho wa miaka ya 1950 mpango ule uliachwa.

Je, watu walikuwa wajinga? Hapana. Walijua udongo unapotea. Walichokataa ni kulazimishwa, na kupewa kazi bila kuona faida yake.

Ushahidi ni huu. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuhifadhi udongo katika Wilaya ya Lushoto. Huu ulifuata njia ya kuwaelimisha wakulima. Wakulima walipanda majani ya Guatemala kwenye kontua. Majani yale yalizuia udongo, na yalilisha ng'ombe pia. Walipanda migrivea iliyowapa kuni na mbao. Mkulima aliona faida, akaendelea.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Makao ya utawala hayakuwa tena nyumba ya mtawala wa ukoo mmoja wala ya mkoloni.

Majengo mapya yalianza kuonekana. Yalikuwa shule, zahanati na ofisi za vijiji. Katika miaka ya 1970, serikali ilipotaka watoto wote wasome, wananchi wengi nchini walijenga madarasa kwa kujitegemea. Lushoto nayo ilikua. Leo mji huo una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Barabara ya kutoka Mombo ina lami.

Nyumba zetu pia zimebadilika. Nyumba za msonge sasa ni adimu sana. Zilifuatwa na nyumba za pembe nne za miti na udongo. Sasa nyingi ni za matofali na bati.

FAIDA NA HASARA

Nyumba ya bati na matofali ina faida. Haishiki moto kwa urahisi kama nyasi. Inadumu. Maji ya mvua yanaweza kukingwa kwenye pipa. Yenye madirisha makubwa haina moshi mwingi, na hiyo ni afya kwa macho na mapafu.

Lakini ina hasara tusizozizoea. Matofali huchomwa kwa kuni nyingi. Tukikata miti ya mlimani ili kuchoma matofali, chemchemi zitapungua. Tena, nyumba ya pembe nne inataka kiwanja cha tambarare. Kwetu tambarare ni haba, hivyo tunachimba mteremko. Ukichimba mteremko bila kujenga ukuta wa kuzuia, mvua kubwa ikija udongo unaweza kuporomoka juu ya nyumba na watu wake.

Wazee wetu walikuwa na maneno mawili. Kuzifya shi ni kuiponya nchi. Kubana shi ni kuiharibu nchi. Zamani maneno hayo yalisemwa juu ya mtawala na mvua. Leo kila anayejenga ana uwezo wa kuiponya nchi au kuiharibu. Kabla ya kujenga, kumbuka haya:

1. Usijenge kwenye njia ya maji wala karibu na chemchemi.
2. Ukichimba mteremko, jenga ukuta wa mawe na uchimbe mfereji wa kupitisha maji.
3. Panda majani na miti juu ya kiwanja chako.
4. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa sababu inakunywa maji mengi.
5. Ukikata miti ya kuchomea matofali, panda mingine mingi zaidi.

MJI WA NYASI HAUACHI MAGOFU

Nyumba ya mawe ikiachwa, ukuta unabaki. Mtoto akiuona anauliza: nani alijenga hapa? Nyumba ya nyasi ikiachwa, baada ya miaka michache hakuna kitu. Ndiyo maana wageni wengi wanaofika Lushoto wanaonyeshwa majengo ya Wajerumani, wakafikiri mji wa kwanza milimani ulikuwa ule. Sasa wewe unajua kwamba Vuga ilitangulia.

Kijiji chako nacho kina historia yake. Nani alijenga kwanza? Msitu ulifika wapi? Shule ilijengwa mwaka gani, na mawe yake yalibebwa na nani? Majibu hayo yamo vichwani mwa wazee. Mzee akifariki, anaondoka nayo.

Zamani ungeweza kusikiliza tu. Sasa umejifunza kusoma na kuandika. Chukua daftari. Nenda kwa mzee, umwamkie kwa heshima, umwulize. Andika jina lake, siku uliyozungumza naye, na maneno aliyosema. Usiongeze yako. Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili. Daftari hilo litakuwa ukuta wa mawe wa kijiji chako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Vuga ilijengwa juu ya mlima, na Mazinde ikawa bondeni?
2. Kipande kilikuwa nini? Je, wazee wa kijiji chako wamewahi kukisikia?
3. Kwa nini mpango wa matuta wa Waingereza ulikataliwa, na majani ya Guatemala yakakubaliwa?
4. Ni sehemu gani ya kijiji chako isiyofaa kujengwa nyumba? Kwa nini?