Nyoka mmoja, rangi kumi

Msimu wa korosho ukifika, mabishano haya huwezi kuyakosa mashambani, uwe Mtua, Nachingwea mjini au Ruangwa. Nyoka ameuawa kwa jembe chini ya mkorosho, watu wamemzunguka, na kila mmoja ana jina lake. Huyu anasema ni moma, maana moma ana mabaka. Yule anasema ni mtoto wa chatu, maana chatu naye ana mabaka. Wa tatu hajawahi kuona rangi kama hiyo, basi atakuwa ametumwa. Wote watatu wanasoma ngozi, na ngozi ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine chochote alicho nacho nyoka.

Ngozi hiyo ina seli za rangi za aina tatu, zimepangwa kwa tabaka. Za chini zina melanini, ile ile iliyomo katika ngozi na nywele zetu, inayoleta weusi na kahawia. Za juu zina manjano na wekundu. Katikati zipo seli zisizo na rangi yoyote, zimejaa chembechembe za fuwele zinazorudisha mwanga kama vioo, na mwanga unaorudi huonekana wa buluu. Buluu hiyo ikipita kwenye manjano, jicho linaona kijani. Wanaotunza nyoka wa makumbusho wanalijua hili vizuri. Nyoka wa kijani akikaa ndani ya chupa ya spiriti, manjano huyeyuka taratibu na anabaki wa buluu. Nyoka ni yule yule.

Huko Ulaya na Marekani watu hufuga nyoka kama sisi tunavyofuga njiwa, na kipenzi chao mmojawapo ni boa, jamaa wa mbali wa chatu anayetoka Amerika na anayezaa watoto badala ya kutaga. Wafugaji wamepata boa wasio na melanini. Hao hawawi weupe. Manjano na wekundu wa tabaka la juu hubaki, nyoka akang'aa rangi ya chungwa. Koo mbili za boa hao ni maarufu, Kahl na Sharp, na kwa macho zinafanana sana. Lakini ukimpandisha Kahl kwa Sharp, watoto wote huzaliwa na rangi ya kawaida!

Hakuna muujiza hapo. Melanini hupikwa kwa hatua nyingi, na kila hatua ina jeni lake. Ukoo mmoja umeharibikiwa hatua hii, mwingine ile. Mtoto hupokea nakala nzima ya kila jeni kutoka kwa mzazi mmojawapo, na chungu kinachemka.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa magamba yaliyovuliwa na chatu wadogo wa Afrika Magharibi, magamba waliyotumiwa na wafugaji wenyewe. Katika rangi moja ya zambarau hafifu, inayouzwa kwa jina la Lavender, walikuta kasoro kwenye jeni liitwalo OCA2. Jeni hilo hilo ndilo chanzo cha ualbino kwa Watanzania wengi walio nao, ambao hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400. Tofauti ni kwamba binadamu hana tabaka la manjano wala vile vioo vya kurudisha mwanga. Melanini ikikosekana, ngozi yake inabaki wazi mbele ya jua, na ndiyo maana ya kofia pana, mikono mirefu na mafuta maalumu kama yale yanayotengenezwa Moshi. Kasoro ambayo kwa nyoka humpandishia bei sokoni, kwa jirani yetu kuna waliothubutu kuiita mkosi. Ni nakala ya jeni iliyokosewa, basi. Hakuna aliyetumwa.

Wakati mwingine hata jeni halina kosa. Chatu wa kusini, ambaye makazi yake yanafika hadi Afrika Kusini, alifuatiliwa huko kwa miaka kadhaa na Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliyechapisha matokeo yake 2018. Jike anayeatamia hugeuka kuwa karibu mweusi kabisa. Hutoka kwenye shimo la mhanga alimotagia, huota jua mpaka joto la mwili linapita nyuzi 40, kisha hurudi kuyazungushia mayai mwili wake. Yakianguliwa, hukaa na watoto kama wiki mbili hivi. Kwa hiyo lile joka jeusi kwenye mdomo wa shimo huenda ni mama chatu, asiye na sumu hata tone.

Wa kuhofia zaidi ni nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Kiafrikana, boomslang. Dume mara nyingi ni wa kijani, jike ni wa kahawia, na sumu yao ni moja: huizuia damu kuganda, na inaweza kupita saa nyingi kabla ya dalili kuonekana.

Ndiyo maana aliyeumwa hana haja ya kumfukuza nyoka ili ampeleke hospitali. Avue pete, asichanje wala kukaza kamba, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, na apelekwe upesi. Huko mhudumu anaweza kuweka damu kidogo kwenye bomba safi la kioo, akaliacha dakika 20 bila kuligusa, kisha akaliinamisha. Damu ikitiririka kama maji, mgonjwa harudi nyumbani, hata akiapa kwamba hajisikii vibaya na kwamba kilichomuuma ni kijoka cha kahawia tu.