Kuchangia Yai la Uzazi: Mambo Yanayomkabili Mchangiaji

Kila alfajiri, katika mitaa inayolizunguka Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, maguta hufika yakiwa yamebeba trei za mayai ya kuku. Kila trei huchukua mayai 30, na kabla jua halijapanda muuzaji na mnunuzi huwa wamekwisha kupatana bei. Mengi ya mayai hayo hutagwa na kuku wa kisasa wasiochanganywa na jogoo; kwa hiyo hata yakiatamiwa kwa siku 21 hayatatoa kifaranga. Anayelipasua yai la namna hiyo na kulimimina sahanini ataona juu ya kiini cha njano doa dogo jeupe. Hapo ndipo ilipo asili ya urithi wa kuku jike. Kiini na ute vilivyobaki ni akiba ya chakula.

Mwanamke naye hutoa yai, lakini yai lake halina ganda wala akiba kubwa ya chakula. Ni seli moja yenye kipenyo cha takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, nayo huonekana kwa shida kwa macho matupu. Tangu miaka ya 1980 elimu ya tiba imewezesha yai hilo kutolewa katika mwili wa mwanamke mmoja, kutungishwa nje ya mwili, na kiinitete kupandikizwa katika mji wa mimba wa mwanamke mwingine. Kwa kuwa maneno "kuchangia yai" hutamkwa kwa wepesi, wapo wanaodhani kuwa tendo lenyewe ni jepesi kama kuchangia damu. Makala haya yanaeleza jambo hilo hufanywaje, na humgharimu nini mwanamke anayelikubali.

Historia kwa ufupi

Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham nchini Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na yai lililotungishwa nje ya mwili. Kazi hiyo ilifanywa na Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, na mwaka 2010 Edwards alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mtoto huyo alitokana na yai la mama yake mwenyewe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1983, wataalamu wa Australia walifaulu kupata mimba kwa kutumia yai lililochangwa na mwanamke mwingine.

Katika Afrika Mashariki, mtoto wa kwanza wa njia hii ya utungisho alizaliwa Kampala mwaka 2004, na Kenya ilifuata mwaka 2006. Jijini Dar es Salaam huduma hiyo ilianza katika kliniki binafsi. Kisha mwaka 2024 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, iliyoko Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, ikatangaza kuanza kutoa huduma ya kupandikiza mimba.

Tukio moja la Kampala lilidhihirisha uwezo wa yai la kuchangiwa. Tarehe 29 Novemba 2023 mama mwenye umri wa miaka 70 alijifungua pacha kwa upasuaji, baada ya kupandikizwa mimba iliyotokana na yai la mwanamke mwingine. Madaktari hawashauri mimba katika umri huo, kwa sababu hatari zake kwa moyo, mishipa ya damu na figo ni kubwa. Hata hivyo tukio hilo linafundisha jambo moja la kisayansi: ovari huzeeka mapema zaidi kuliko mji wa mimba.

Nani huhitaji yai la mwenzake?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la kutopata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake. Mara nyingi jamii humtupia mwanamke lawama, ilhali chanzo chaweza kuwa kwa mwanamume, kwa mwanamke, au kwa wote wawili. Mwanamke mwenye mirija iliyoziba hahitaji yai la mwingine, kwa kuwa yai lake laweza kutolewa na kutungishwa nje. Wanaohitaji kuchangiwa ni wale ambao ovari zao zimeacha kazi mapema, walioharibiwa ovari na tiba ya saratani, ambao mayai yao yamedhoofika kwa umri, au wanaohofia kumrithisha mtoto ugonjwa mzito.

Chukua mfano wa binti wa miaka 25 mwenye meza ya vitenge katika Mtaa wa Kongo. Dada yake, aliyetibiwa saratani, hawezi tena kutoa mayai, naye anamwomba amsaidie. Kabla ya kuitikia, yapo mambo ambayo binti huyo anapaswa kuyafahamu.

Je, mayai ya mchangiaji yatakwisha?

Hilo ndilo swali linaloulizwa mara nyingi. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai machanga yapatayo milioni moja hadi mbili. Anapobalehe hubakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote ya uzazi, mayai yatakayokomaa na kutoka hayazidi sana 400 au 500. Mengine yote hufa yenyewe.

Kila mwezi kundi la mayai huanza kukua, kila moja likiwa ndani ya kifuko chake chenye majimaji, kiitwacho folikuli. Homoni itokayo katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huvichochea vifuko hivyo. Kwa kawaida kimoja hukua kupita vingine. Na kiwango cha homoni hiyo kinaposhuka, vilivyobaki nyuma hunyauka. Dawa anazopewa mchangiaji hukizuia kiwango hicho kisishuke, ili vifuko ambavyo vingenyauka mwezi ule vikue pamoja. Kwa hiyo mchangiaji hatoi mayai ya miaka ijayo. Hutoa yale ambayo mwili wake ungeyapoteza mwezi huohuo.

Uchunguzi kabla ya kuanza

Katika nchi nyingi wachangiaji hukubaliwa wakiwa na umri wa kuanzia miaka 18 au 21 hadi karibu 35. Binti wa Mtaa wa Kongo ataulizwa habari za afya yake na za ukoo wake. Atapimwa damu ili kutafuta virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B na C, kaswende na maradhi mengine ya kuambukiza. Ovari zake zitatazamwa kwa ultrasaundi, na homoni zake zitapimwa.

Kipimo kimoja kina uzito wa pekee katika Tanzania, nacho ni cha selimundu, kwa kuwa nchi hii ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mtu mwenye jeni moja ya selimundu huweza kuishi bila kujua kuwa anayo. Ikiwa mchangiaji na baba wa mtoto wote wawili wanayo, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni mmoja kati ya minne katika kila mimba. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za Mendel anaweza kuthibitisha hesabu hiyo kwa kuchora mraba wa jeni.

Aidha, mchangiaji hupaswa kuzungumza na mshauri akiwa peke yake, bila dada, mume wala mama kuwapo, ili aseme kwa uhuru kama amekubali kwa moyo wake au kwa kuona haya kukataa.

Siku za sindano

Sindano za homoni hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, kila siku, kwa muda wa siku 8 hadi 14. Wengi hufundishwa kujidunga wenyewe. Saa ya sindano haibadiliki, na baadhi ya dawa hutunzwa kwenye jokofu katika nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, ni lazima mchangiaji aiulize hospitali kabla ya kuitumia dawa hiyo. Kila baada ya siku chache hurudi kupimwa, ili daktari aone jinsi vifuko vinavyokua kutoka milimita chache hadi karibu milimita 20.

Katika siku hizo tumbo hujaa, matiti huuma, na hali ya moyo huweza kubadilika-badilika. Ovari iliyovimba huweza kujisokota kwenye mshikizo wake na kujikatia damu. Kwa sababu hiyo mchangiaji hukatazwa kuruka, kukimbia na kubeba mizigo mizito. Binti anayeinua marobota ya vitenge kila asubuhi itambidi atafute mtu wa kumsaidia kwa wiki kadhaa. Tena, kwa kuwa mayai mengi yanakomaa pamoja, kujamiiana bila kinga kwaweza kumpa mimba asiyoikusudia, pengine ya pacha.

Vifuko vikishakua vya kutosha, hudungwa sindano ya mwisho ya kuyakomaza mayai. Sindano hiyo hupangwa kwa saa kamili, kwa maana mayai hutolewa baada ya saa 34 hadi 36. Ikichelewa au ikiwahi, kazi yote yaweza kupotea.

Siku ya kutolewa mayai

Mchangiaji hufika hospitali bila kula, akapewa dawa ya usingizi. Tumbo halipasuliwi. Daktari hupitisha sindano ndefu na nyembamba kupitia ukuta wa uke, akiongozwa na picha ya ultrasaundi, na kuvuta majimaji ya kila kifuko. Kazi hiyo huchukua kati ya dakika 15 na 30. Katika maabara majimaji hayo hutazamwa kwa hadubini na mayai hutengwa. Mara nyingi hupatikana mayai 10 hadi 20, lakini si yote yaliyokomaa, si yote yatakayotungishwa, na si kila kiinitete kitakachoshika. Mchangiaji asiahidiwe, wala asimwahidi mwenzake, kwamba mtoto atapatikana kwa hakika.

Baada ya saa chache huruhusiwa kwenda nyumbani, ila si peke yake: aliyetoka kupewa dawa ya usingizi hapaswi kuachwa apande daladala bila mtu wa kumsindikiza.

Hatari zinazopaswa kusemwa

Maumivu ya tumbo na matone ya damu ni ya kawaida na hutulia baada ya siku chache. Kutokwa damu nyingi ndani ya tumbo au kupata uambukizo hutokea mara chache. Hatari inayohitaji uangalifu zaidi ni ovari kuchochewa kupita kiasi. Hapo mishipa midogo ya damu huvuja maji, nayo hujikusanya tumboni na pengine karibu na mapafu. Hali hiyo ikiwa kali, damu huweza kuganda mishipani. Hali kali si ya kawaida, na dawa za siku hizi zimeipunguza sana; hata hivyo haijatoweka.

Dalili zake ni tumbo kuvimba upesi, uzito kuongezeka kwa kilo moja au zaidi kwa siku, kutapika, mkojo kuwa haba na pumzi kuwa fupi. Anayeona dalili hizo arudi hospitali siku hiyohiyo. Hali kadhalika, katika mji wenye malaria kama Dar es Salaam, homa inayompata mwanamke baada ya kutolewa mayai isidhaniwe kuwa malaria tu na kutibiwa kwa vidonge vya dukani, kwani yaweza kuwa ishara ya uambukizo tumboni.

Utafiti uliopo haujaonyesha kuwa uchangiaji husababisha saratani au utasa, lakini wachangiaji wachache ndio waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Kwa tahadhari, chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kinashauri mwanamke asichangie zaidi ya mara sita.

Mtoto ni wa nani?

Yai huleta kromosomu 23 na mitokondria. Mbegu ya kiume huleta kromosomu nyingine 23. Mwanamke anayebeba mimba humpa mtoto chakula na hifadhi, lakini hampi jeni. Kwa hiyo mtoto atakayezaliwa na dada wa binti yule atakuwa, kwa jeni, mtoto wa binti mwenyewe, ingawa atamwita mama mdogo. Familia inapaswa kukubaliana mapema ni nani atakayemweleza mtoto habari hiyo, na lini. Nchini Uingereza, waliotokana na michango iliyotolewa tangu Aprili 2005 wana haki ya kumjua mchangiaji wanapofikia miaka 18.

Dini nazo zimetoa hukumu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986, lilikataza yai au mbegu ya mtu asiye mke au mume, na Kanisa Katoliki lilikataa njia hiyo katika waraka wa mwaka 1987. Muumini anayefikiria kuchangia au kuchangiwa atafanya vema kuyajua hayo kabla ya sindano ya kwanza.

Hiari na fedha

Ziko nchi zinazoruhusu malipo, na ziko zinazoruhusu fidia ya nauli na muda tu. Popote alipo, binti anayeahidiwa fedha nyingi ajiulize maswali machache. Je, ameelezwa hatari zote kwa lugha anayoifahamu? Nani atalipa gharama za matibabu akiugua? Amepewa nakala ya mkataba? Je, ameambiwa kuwa anaweza kughairi wakati wowote kabla mayai hayajatumiwa? Asiyepata majibu ana haki ya kuondoka.

Walimu wa biolojia wana nafasi njema ya kulifundisha jambo hili pamoja na mada ya uzazi, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wao wataombwa, na wengine watahitaji kuomba. Anayenunua mayai Kariakoo hana haja ya kuuliza habari za kuku aliyeyataga. Anayepokea yai la binadamu hupokea pia wiki kadhaa za sindano, maumivu na hatari za mwanamke mwingine, na ni haki ya mwanamke huyo kuyajua yote hayo kabla ya kusema ndiyo.