Kreti, Tenga na Uzito wa Nyanya

Kamati ya harusi ikiandika "soda, kreti kumi", kila mjumbe anajua ni chupa 240. Kreti moja la chupa za kioo lina safu nne za chupa sita sita, na neno lenyewe limeshakuwa kipimo, kama trei ilivyo kipimo cha mayai 30. Wengine husema kreti hili na makreti haya, wengine kreti hii na kreti hizi. Yote nayasikia sokoni, na yote yanaeleweka.

Mimi kazi yangu ni mazao baada ya kuvunwa, kwa hiyo kreti nalitazama pamoja na ndugu zake. Sanduku tumelipata kwa Waarabu, kasha kwa Wareno, na yote mawili ni ya kuficha: yana mfuniko, mara nyingi na kufuli. Kreti, tulilolipata kwa Waingereza, limeachwa wazi makusudi ili hewa ipite na kilichomo kionekane. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno hulihusisha na neno la Kilatini cratis, yaani kitu kilichosukwa kwa fito. Kwa maneno mengine, tenga.

Uwazi huo una sababu. Nyanya iliyochumwa bado ni hai. Inapumua, inatoa joto na unyevu, tena inatoa gesi ya ethilini inayoiivisha yenyewe na zilizo jirani nayo. Ukiifungia pasipo hewa, joto hujikusanya, ikaiva upesi na kuoza.

Kwa hewa peke yake, tenga la mianzi lingetosha. Simama Ilula, mkoani Iringa, uangalie matenga yakipakiwa kwenda Dar es Salaam: hewa inapita vizuri kabisa. Tatizo ni uzito. Tenga hunepa, na likipandishiwa jingine, mzigo wa juu unabebwa na nyanya zenyewe. Lori likianza kushuka kona za Mlima Kitonga, za chini zinasagika na za pembeni zinachubuliwa na fito. Mchubuko mdogo tu unatosha ukungu kuingia, na nyanya moja iliyopasuka huzilowesha za jirani.

Kreti la plastiki ngumu limeundwa lijibebe. Kitako cha la juu hukaa kwenye ukingo na pembe za la chini, uzito ukateremka kwa kuta hadi sakafu ya lori, nyanya zisiguswe. Kwa sababu hiyo hiyo halikubali lumbesa: ukijaza kupita ukingo, unaziponda mwenyewe. Kwa mkulima hili si dogo. Tenga hupimwa kwa macho, na mara nyingi macho yanayoamua ni ya mnunuzi.

Mbona basi matenga bado yanatawala? Bei ni sababu mojawapo, lakini naona kubwa zaidi ni safari ya kurudi. Kreti la soda hurudi dukani kwa sababu ulipolichukua ulipeleka tupu, au uliacha pesa ya kreti na chupa. Tenga huondoka pamoja na nyanya na gharama yake imeshahesabiwa humo. Kreti la nyanya likienda mjini bila mpango, litageuka kiti cha kijiweni, meza ya muuza matunda au kiota cha kuku. Matumizi hayo siyabezi, mimi mwenyewe nimenywa kahawa nyingi juu ya kreti lililopinduliwa. Ila aliyelinunua amelipoteza.

Kwa hiyo wakulima wanaoniuliza nawashauri waanze wachache, kwa mnunuzi mmoja wanayemfahamu. Wachague makreti yanayoingiana yakiwa matupu, ili yasijaze lori likirudi. Waandike alama ya kikundi kwa rangi ya mafuta ubavuni, na kila kreti lishikiwe pesa inayolingana na bei yake, irudishwe siku kreti linaporudi.